"Umejuaje?": mwongozo wa kuwafunza wanahabari chipukizi nyakati za akili mnemba

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali tamu barazani, lakini siku ya kwanza ya mafunzo mimi huiandika ubaoni kisha huifuta mbele ya darasa. Mwanahabari anayeishi kwa methali hiyo huwa tarishi wa kila mwenye uongo wa kusambaza. Mahali pake huandika neno moja lenye alama ya kuuliza: Umejuaje?

Mwongozo huu ni wa anayewafunza wanahabari, awe mhadhiri, mhariri aliyepewa wanafunzi wa mazoezi kazini, au mkongwe aliyeombwa kuendesha warsha. Umekadiriwa kwa wiki kumi hivi. Hatua hazilingani uzito: ya tatu na ya tano hula muda, ya nne inatosha alasiri moja. (Akili mnemba wengine huiita akili unde, wengine akili bandia. Usipoteze kipindi kubishania jina.)

Hatua ya 1: Wapime kabla hujawafundisha

Wape vitu kumi: picha, video fupi, nukuu, takwimu, picha ya skrini ya tangazo. Kila mmoja aamue kipi angekichapisha na aandike sababu. Kosa la wakufunzi wengi, nami nimelifanya, ni kujaza zoezi hili uongo mtupu. Mwanafunzi mwerevu hugundua mchezo mapema, anaandika "uongo" mara kumi na kuondoka na alama zote. Hapo umemfunza kukana tu.

Changanya nusu kwa nusu, na uhakikishe kimoja kinafanana na uongo ilhali ni cha kweli. Mfano nisiouacha ni wa papa barabarani. Picha ya papa akiogelea kando ya gari kwenye barabara iliyofurika ilivuma mwaka 2011 wakati wa kimbunga Irene, ikidaiwa kupigwa Puerto Rico, na tangu hapo huibuka kila mafuriko makubwa yanapotokea, kila mara ikipewa mji mpya. Ni ya kughushi. Papa mwenyewe alikatwa kutoka picha ya zamani iliyopigwa baharini Afrika Kusini. Kisha mwaka 2022, kimbunga Ian kilipoipiga Florida, ikatoka video ya samaki mwenye pezi kubwa akipapatika kwenye maji ya mafuriko huko Fort Myers. Waliokwisha kuungua na ile picha ya zamani walicheka. Video ilikuwa ya kweli. Shirika la habari la Associated Press lilithibitisha kwa kukagua taarifa zilizojificha ndani ya faili asilia, zinazoonyesha lilirekodiwa lini.

Waonyeshe vyote viwili, kwa mpangilio huo. Darasa litanyamaza kidogo, na hapo ndipo mafunzo yanapoanza.

Hatua ya 2: Wiki tatu za mwanzo, mashine zikae pembeni

Watume nje: mahakamani, kwenye mkutano wa hadhara, hospitalini, kwa daftari na simu ya kupigia. Wasiandikiwe aya na programu yoyote, wasifupishiwe ripoti, wasitafsiriwe mahojiano. Si kwa sababu mashine ni haramu. Tutaifungua hatua ya saba. Sababu ni kwamba ambaye hajawahi kuhangaika na aya ya kwanza ya habari hawezi kuikagua iliyoandikwa na mashine. Ataiona imenyooka, basi.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea habari ya mkutano, imeandikwa vizuri kuliko ninavyoandika mimi. Nikamuuliza: mwenyekiti alikuwa ameketi na nani? Watu walikuwa wengi kiasi gani? Nani alisimama kwanza kuuliza swali? Akababaika. Alikuwa ameilisha programu ajenda ya mkutano, nayo ikamtungia yaliyobaki, pamoja na makofi. Mkutano ulikuwa umeahirishwa.

Tangu siku hiyo, kila habari ya wiki hizi tatu huja na mambo matatu ambayo hayamo kwenye hati yoyote, ambayo mwandishi aliyaona, aliyasikia au aliyanusa mwenyewe.

Hatua ya 3: Daftari la uhakiki

Ukilazimika kuchagua hatua moja tu kwa sababu muda umekubana, chagua hii.

Kila mwanafunzi awe na daftari, la karatasi au jedwali la kompyuta, lenye safu tano. Ya kwanza ni dai lenyewe, kwa sentensi moja. Ya pili: nani amelisema, na yeye alijuaje, aliona, aliambiwa au anakisia? Ya tatu: mimi nimelihakiki vipi, lini, saa ngapi? Ya nne: nani angeweza kulikanusha, na nimempigia? Ya tano: nini bado sijui?

Madai ni nini? Wengi hudhani ni yale makubwa ya kwenye kichwa cha habari. Wazoeshe kuvunja habari vipande: jina na tahajia yake, cheo, umri, tarehe, namba, umbali, kila nukuu. Habari ya maneno mia nne hubeba kwa urahisi madai ishirini. Mara ya kwanza watanung'unika kwamba daftari limekuwa refu kuliko habari. Waache wanung'unike.

Safu ya pili ndiyo inayofichua mengi. Gazeti mbili na redio moja zimetangaza jambo. Mwanafunzi anaandika vyanzo vitatu. Mwambie afuate mkondo hadi chemchemi. Mara nyingi atakuta zote tatu zimenukuu ujumbe uleule wa mtandaoni. Hicho ni chanzo kimoja kilichovaa nguo tatu, na asipoandika safu ya pili hatakaa akigundue.

Safu ya tatu ina kanuni moja ya vitendo: hifadhi kabla hujauliza. Ukimpigia mtu kumuuliza kuhusu ujumbe alioweka mtandaoni, uwezekano ni kwamba ataufuta ukiwa bado unaongea naye. Kwanza piga picha ya skrini inayoonyesha anwani nzima na saa, kisha weka nakala kwenye hifadhi ya wazi ya kurasa za mtandaoni kama Wayback Machine, ndipo uinue simu.

Hatua ya 4: Ondoka kwenye ukurasa

Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaweka mbele ya kompyuta wanahistoria kumi wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari kumi na wanafunzi 25 wa chuo hicho, wakawapa tovuti za kupima uaminifu wake. Wanahistoria na wanafunzi walisoma ukurasa kwa makini kutoka juu hadi chini, na wengi wakanaswa na nembo nzuri na lugha ya kitaalamu. Wahakiki waliutupia jicho, wakaondoka mara moja, wakafungua madirisha mapya kutafuta wengine wanasema nini kuhusu mwenye tovuti. Walifika kwenye jibu sahihi zaidi, tena kwa muda mfupi.

Zoezi: tovuti tano wasizozifahamu, dakika tatu kila moja, marufuku kukaa kwenye ukurasa wenyewe zaidi ya sekunde thelathini. Rudia kila wiki hadi iwe mazoea.

Hatua ya 5: Picha na video, ambapo kazi ya kweli ipo

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Swali ni nani aliyeunda, wapi, lini. Kabla ya kuhangaika na akili mnemba, darasa lijue kwamba sehemu kubwa ya udanganyifu wa picha haihitaji teknolojia yoyote. Ni picha halisi iliyopachikwa maelezo ya uongo: mafuriko ya miaka sita iliyopita yanaitwa ya jana, maandamano ya nchi moja yanahamishiwa nyingine. Kwa hiyo anza na utafutaji wa picha kwa kutumia picha yenyewe. Google, Bing, Yandex na TinEye zote zina huduma hiyo, na kila moja huona kisichoonwa na nyingine, hivyo watumie angalau mbili. Kwa video, wakate fremu chache zenye alama muhimu na kuzitafuta moja moja. Programu ya InVID-WeVerify huwarahisishia.

Wajue pia kwamba picha iliyopita WhatsApp au Facebook huwa imevuliwa taarifa zake za ndani. Anayetaka kujua picha ilipigwa lini na wapi aombe faili asilia kutoka kwa aliyepiga, si nakala iliyosambazwa.

Kisha tumia kipindi kizima kuichambua kazi moja kubwa. Mimi hutumia uchunguzi wa BBC Africa Eye wa mwaka 2018. Julai mwaka huo ilisambaa video ya wanajeshi wakiwaua kwa risasi wanawake wawili na watoto wawili. Serikali ya Kamerun ilisema ni habari za uongo. Wachunguzi hawakuanza kwa kubishana na serikali. Walianza na mlima. Nyuma ya watu kwenye video kulikuwa na safu ya vilele, na umbo lake lilioanishwa na milima iliyo karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini ya mbali ya Kamerun. Picha za setilaiti zikaonyesha ni kipindi gani majengo yanayoonekana yalikuwapo. Njia ya miguu iliyoonekana kwenye video hujitokeza wakati wa kiangazi tu. Mwisho wakapima vivuli vya wanajeshi, wakapata pembe ya jua, na tukio likawekwa kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Wanajeshi saba walikamatwa, na mwaka 2020 wanne wakahukumiwa kifungo cha miaka kumi.

Simamisha kila hatua na uulize darasa: hapa wamejuaje? Nini kingewakosesha? Wataona kwamba hakuna kifaa kimoja kilichotoa jibu. Jibu lilitokana na vithibitisho vidogo ambavyo kila kimoja kilipunguza uwezekano.

Halafu wafanye wenyewe. Kila mmoja apige picha moja nje, mahali pa wazi, mchana, bila maandishi yanayotaja mahali. Wabadilishane. Aliyepokea atafute mahali kwa picha za setilaiti, na saa kwa kupima kivuli akitumia SunCalc, ambayo huonyesha mwelekeo wa jua kwa mahali na tarehe yoyote. Mpiga picha anajua jibu, hivyo usahihishaji ni rahisi. Nimeona wanafunzi wasiotulia darasani wakikesha na zoezi hili.

Hatua ya 6: Sauti na sura zilizoghushiwa

Usiwafundishe kuhesabu vidole. Ushauri huo wa kutafuta mkono wenye vidole sita ulifaa kwa muda, programu zikaboreshwa, na aliyebaki nao sasa anaamini kila picha yenye vidole vitano. Alama za macho huchakaa. Maswali ya chanzo hayachakai.

Chukua picha ya Mei 22, 2023, iliyodai kuonyesha mlipuko karibu na Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi ya Marekani. Ilisambazwa na akaunti zenye alama ya uthibitisho, soko la hisa likayumba kidogo kwa dakika chache, kisha idara ya zimamoto ya eneo hilo ikakanusha. Waliokodoa macho waliona uzio ulioyeyukia kwenye jengo. Lakini lililopaswa kumshtua mhariri ni lingine: mlipuko kwenye eneo lenye watu na magari tele, halafu picha moja tu, ya pembe moja, bila shahidi mwingine hata mmoja?

Sauti ni ngumu zaidi, kwa kuwa haina mlima wala kivuli. Siku mbili kabla ya uchaguzi wa Slovakia wa Septemba 30, 2023, ilisambaa rekodi iliyodaiwa kuwa ya kiongozi wa chama, Michal Šimečka, akizungumza na mwanahabari juu ya kuiba kura. Wote wawili walisema ni ya kughushi. Iliachiwa ndani ya zile saa 48 ambazo vyombo vya habari vinatakiwa kukaa kimya kuhusu uchaguzi. Lijadilini hili kwa upana: ungefanya nini ukiwa mhariri wa zamu, rekodi iko kwenye simu ya kila mtu, na sheria inakubana?

Kuhusu programu zinazojidai kutambua kazi za akili mnemba, msimamo wangu ni mkali. Matokeo yake yaandikwe daftarini kama fununu, yasiwe hukumu kamwe. OpenAI wenyewe, waliounda ChatGPT, walitoa chombo cha kutambua maandishi ya mashine Januari 2023. Kwa majaribio yao kilinasa asilimia 26 tu, na Julai wakakiondoa. Watafiti wa Stanford waligundua mwaka huohuo kwamba vyombo saba vya aina hiyo vilisingizia, kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Mkufunzi anayemtuhumu mwanafunzi kwa ushahidi wa namna hiyo anavunja kanuni anayoifundisha. Muite, muulize amejuaje.

Kuna hatari ya upande wa pili. Wanasheria Robert Chesney na Danielle Citron waliipa jina ambalo kwa Kiswahili tungeliita faida ya mwongo: watu wakishajua kwamba video inaweza kughushiwa, mwovu aliyerekodiwa kweli atasema tu "hiyo ni akili mnemba" na kwenda zake. Ile video ya Kamerun ilikanushwa kwa mtindo huohuo. Wanafunzi watoke wakijua kuthibitisha kwamba kitu ni cha kweli, si kukifichua tu kikiwa cha uongo.

Hatua ya 7: Sasa ifungue mashine

Eleza kwa ufupi inavyofanya kazi. Programu ya lugha imesoma maandishi mengi mno, ikajifunza neno gani lina uwezekano wa kufuata jingine. Inapojibu haiendi kabatini kuchomoa faili. Inaunda sentensi inayofanana na jibu. Hata zile zinazotafuta intaneti kwanza huunda jibu kwa njia hiyo, na zinaweza kukipachikia chanzo halisi maneno ambayo hakikuyasema. Hivyo kosa lake huja limevaa suti.

Zoezi la kwanza: kila mwanafunzi aiulize maswali kumi juu ya jambo analolijua kuliko mtu yeyote darasani, kama mchezo anaoucheza au ufundi wa nyumbani kwao. Asahihishe kwa kalamu nyekundu. La pili: aulize swali lilelile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, alinganishe. La tatu: aombe vyanzo, kisha afungue kimoja kimoja.

Kwa zoezi la tatu simulia yaliyowakuta mawakili wa New York. Waliwasilisha mahakamani kesi za rejea zilizotungwa na ChatGPT, na Juni 2023 wakatozwa faini ya dola 5,000. Mmoja alikuwa ameiuliza programu yenyewe kama kesi hizo ni za kweli. Ikamjibu ndiyo. Vyumba vya habari navyo havikusalimika. Tovuti ya CNET ilichapisha makala 77 zilizoandikwa kwa msaada wa mashine, na mwanzoni mwa 2023 ikalazimika kusahihisha 41. Moja ilisema kwamba ukiweka dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3 utapata faida ya dola 10,300 mwaka wa kwanza. Faida ni dola 300. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilichapisha, katika kijarida lililokinunua kwa wakala wa nje, orodha ya vitabu 15 vya kusoma. Kumi kati yake havipo duniani, ingawa waandishi waliotajwa wapo.

Usizisome visa hivi kama vichekesho. Kwa kila kimoja darasa litaje ni simu gani moja, au hesabu gani moja, ingeokoa jahazi, na ni nani aliyepaswa kuifanya.

Hatua ya 8: Kanuni, waziandike wenyewe

Wagawe makundi, kila kundi liandike ukurasa mmoja wa kanuni za chumba cha habari, kisha wazigonganishe. Mkataba wa Paris wa Novemba 10, 2023 kuhusu akili mnemba na uanahabari, ulioandaliwa na kamati iliyoongozwa na Maria Ressa, mwanahabari wa Ufilipino, una kanuni kumi na unafaa kusomwa baada ya wao kuandika, si kabla.

Mimi huingilia pale tu yanapokosekana mambo fulani. Mahojiano ya chanzo anayejificha hayapakiwi kwenye programu yoyote ya nje, hata kwa kunakili sauti kuwa maandishi. Hujui yanahifadhiwa wapi wala nani atayaona. Nukuu iliyonakiliwa na mashine husikilizwa upya kwa sikio kabla ya kuchapishwa. Picha iliyotungwa haiwekwi mahali pa picha ya tukio. Na kila matumizi ya mashine huingia kwenye daftari la hatua ya tatu: iliombwa nini, ikajibu nini, nani akakagua.

Hatua ya 9: Siku ya presha

Tenga asubuhi moja. Tunga tukio la kubuni, kama ajali ya kivuko. Kila baada ya dakika kumi ingiza kitu kipya: taarifa rasmi yenye idadi moja ya waliokufa, shahidi mwenye idadi nyingine, picha ya zamani, sauti ya ofisa iliyotengenezwa na mashine, mhariri anayepiga kelele kwamba wapinzani wameshachapisha. Tia alama ya "ZOEZI" kwenye kila kitu na kusanya vyote mwishoni, visije vikavuja vikawa habari mitaani. Mtu mmoja, ikiwezekana mgeni, acheze ofisa ambaye hapokei simu hadi apigiwe mara ya tatu.

Saa mbili zinatosha. Kisha rudini kwenye madaftari. Utakuta waliochapisha idadi isiyo sahihi waliijua kuwa ina mgogoro, safu ya tano inaonyesha hivyo, lakini kelele za mhariri ziliwashinda. Zungumzeni kuhusu kelele hizo. Wafundishe sentensi ya kumjibu mhariri: "Hili tunalo, hili bado, nahitaji dakika kumi na tano."

Hatua ya 10: Kukanusha, kusahihisha, na alama

Anayekanusha uvumi huweza kuusambaza. Kichwa kisirudie uongo. Anza na ukweli, taja uongo mara moja na useme waziwazi kuwa ni uongo, kisha rudi kwenye ukweli na namna ulivyothibitishwa. Ikiwa uvumi bado uko kwenye vikundi viwili vitatu tu, fikiria kama inafaa kuuandika kabisa.

Masahihisho nayo yafanyiwe mazoezi. Kila mwanafunzi achukue kosa lake halisi la muhula na aandike sahihisho la sentensi mbili: tulikosea nini, ukweli ni upi. Bila "tunasikitika iwapo kuna aliyekwazika".

Kuhusu alama, mimi hutoa arobaini kwa habari na sitini kwa daftari pamoja na mtihani wa mdomo. Mtihani ni wa dakika kumi. Nachagua madai matano kutoka kwenye habari ya mwanafunzi, nanyoosha kidole kwenye moja baada ya jingine na kuuliza swali lile la ubaoni. Anayeonyesha njia aliyopita hupata alama kamili. Anayesema "hili sikuweza kulithibitisha, ndiyo maana nimeliandika kama dai la fulani" naye hupata kamili. Anayesema "imeandikwa kila mahali" namrudishia daftari lake, anakwenda kukaa nje robo saa, kisha tunaanza upya.